Chai ya Bibi Somoe

Siku nisiyoweza kuisahau, mwanangu, ni ile niliyotoka unyagoni, kule Newala, enzi za Mwingereza. Siikumbuki kwa nguo mpya wala kwa ngoma. Naikumbuka kwa kikombe cha chai cha Bibi Somoe, mama mzaa baba.

Bibi alipenda utamu. Maji wakati ule tuliyateremkia bondeni na kupanda nayo mlima kichwani, naye alisema mtu aliyepanda mlima ule ana haki ya kulamba kitu. Chai yake ilikuwa sukari tupu.

Kisha akapata kidonda mguuni, kikakataa kupona. Akapanda lori la korosho hadi hospitali, Masasi, na mganga akamwambia ana ugonjwa wa sukari, aache kuila sukari. Aliporudi, mdogo wake akapinga. "Dada, wanakudanganya. Sukari ndiyo nguvu. Ukiiacha utaanguka njiani." Jirani naye akaleta asali, akisema hiyo ni dawa, haina madhara. Bibi akashika neno la jirani, maana lilikuwa tamu. Kidonda kikazidi, kikaanza kunuka. Tukahofu atakatwa mguu.

Akarudi Masasi, safari hii nikimsindikiza.

"Na asali je?" akamuuliza mganga.

"Asali nayo ni sukari, Bibi. Mwili hauulizi imetoka dukani au mzingani."



Basi siku yangu ile ya kutoka unyagoni, Bibi ndiye aliyeshika birika. Aliwamiminia wageni, akawatilia sukari kwa mkono wake mwenyewe, na aliyependa nyingi akampa nyingi. Zamu yake ilipofika, mdogo wake akamsogezea bakuli.

"Leo mjukuu katoka, Dada. Kijiko kimoja tu."

Bibi akalitazama bakuli lile kwa hamu. Akafunika kikombe kwa kiganja.

"Mmoja ananiambia nile, mwingine nisile," akasema taratibu. "Lakini mguu ni wangu."

Akainywa chai yake chungu vile vile, uso umekunjamana, mpaka tone la mwisho. Kisha akaomba kikombe kingine.

Mwanangu, baadaye niliyaona maji yakipanda mlima ule kwa bomba, watu wazima wakitoka mbio kuyatazama. Hata hayo hayakunishangaza kama kiganja kile.

Kidonda kilikauka polepole, na Bibi aliishi hadi akawabeba wanangu.

Kwa hiyo ukisikia watu wanavutana juu ya kitu ukipendacho, huyu anasema kinaua, yule kinatibu, usichague neno kwa kuwa limekufurahisha. Muulize anayejua, na ukiona shaka rudi umuulize tena, halafu utazame hali yako bila kujidanganya. Na ukiamua kuacha, usingoje hamu iishe kwanza. Bibi aliacha huku bado anatamani.

Mungu akupe moyo kama ule, akutunzie afya yako, na akuzeeshe salama katikati ya watu wako.