Mpiga Kuta

Fundi picha wa karibu na stesheni ya Shinyanga hapendi kupiga watu. Wenye suti wanamfuata, yeye anabeba kamera yake ya miguu mitatu kwenda kupiga milango, vibaraza na kuta. Kabla ya kujifunika kile kitambaa cheusi, huugusa ukuta kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Mimi ni mwashi, nimejenga nusu ya mtaa huu, na sijawahi kuugusa ukuta hivyo.

Juzi alisimama mbele ya nyumba yangu asubuhi nzima, akisubiri kivuli cha paa kishuke. “Mwangaluka, mayu,” alimwamkia mke wangu kwa Kisukuma. “Aliyejenga ukuta huu ana subira.” Uongo mtupu! Niliujenga mbiombio, mvua ikinikimbiza, bila hata kuunyoosha kwa timazi. Na kwa miaka tisa mke wangu hakuwahi kuutazama. Leo picha imeletwa. Mke wangu amepigilia msumari kwenye ukuta wangu, akatundika picha ya ukuta wangu. Hata wekundu wa matofali yangu haumo. Nikasogea niione vizuri.

“Hebu sogea, Baba Donatus,” akasema, “unanizibia.”