Kitambaa Chekundu cha Kocha Gundi

Mtaani walimwita Kocha Gundi, na hawakumsingizia. Alikuwa fundi viatu, na gundi ilikuwa imemganda vidoleni kiasi kwamba hata akinawa kwa mafuta ya taa, ukimpa mkono unahisi kama hataki kukuachia. Asubuhi alibandika soli na kushona mikanda ya viatu. Alasiri alifunga kibanda, akavaa filimbi shingoni na kwenda kuwafundisha mbio za nyika wasichana wa shule iliyokuwa chini ya kilima. Hakuna aliyemlipa. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba shule haina fungu la mbio, naye akamjibu kwamba hata yeye hana fungu la kukaa bure. Wapo waliosema ana kichaa kidogo. Wasichana wenyewe walisema ni kichaa kingi.

Silaha yake ilikuwa kitambaa chekundu. Alikikata kwenye bitana ya mkoba ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua, akawa anakifunga juu ya mti mkavu kileleni, pale ambapo njia ya miguu inatoka kwenye mikaratusi na kufika kwenye mwamba. Hapo ndipo wasichana walipogeukia. Sheria ilikuwa moja tu: ukiona nyekundu, usifikiri, kanyaga. Usipunguze, usitazame nyuma, usiulize kama pumzi ipo. Na kilimani filimbi nayo ilikuwa na maana hiyo hiyo: ongeza. Aliirudia na kuirudia sheria hiyo mpaka miguu yao ikawa inaitika kabla ya akili. Kwenye mashindano wasichana wake walizipita timu nyingine kwenye mlima wa mwisho, watu wakabaki kuulizana wanalishwa nini. Yeye alikuwa anasimama pembeni kifua mbele, kama aliyewazaa wote.

Mmoja wao kweli alikuwa damu yake. Binti wa dada yake, mwembamba mpaka wakamwita Sindano. Nyumbani alimwita mjomba, uwanjani alimwita kocha, wala hakuchanganya hata siku moja. Mama yake alipomkabidhi alisema kwa kucheka, "Kaka, nimekupa mtoto umkimbize, sio unimalizie." Wote walicheka. Sindano alikuwa na mbio za kuzaliwa nazo, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kona ya mwisho ilimshinda. Akishaiona ile nyekundu juu, miguu inamfia, anakaa chini na kulia. Kwa Kocha Gundi hilo lilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Siku ile mazoezi yalikuwa makali kuliko yote. Aliwapandisha kilima, akawashusha, akawapandisha tena, jua likiwachoma migongo. Mwisho walianguka kwenye majani ya uwanja kama nguo zilizodondoka kambani, mmoja huku, mwingine kule, wakihema.

"Kocha, leo umetuchinja," nahodha alisema, uso umefukiwa kwenye mkono.

"Nimewachinja, mbona mnaongea?"

Wachache walijaribu kucheka. Alipita katikati yao taratibu, akiinama kwa huyu kutazama soli, kwa yule kukaza kamba. Aliwapenda, hilo lisiwe na ubishi. Alikuwa akiwapenda hasa wakiwa hivyo, wamelegea, wamemwachia kila kitu walichokuwa nacho.

"Nisikilizeni, wanangu," alisema. "Mguu ni mwongo. Unakwambia umekwisha, kumbe hata nusu haujatoa. Leo kila mmoja wenu amesikia mguu ukidanganya, na kila mmoja ameukatalia. Mimi nimewaona. Siku ya mashindano hakuna atakayewaonea huruma, si mama, si mimi. Kutakuwa na kilima tu. Na kilima mnakijua. Sasa niambieni, tukiona nyekundu?"

"Tunakanyaga."

"Mmekufa kweli? Tukiona nyekundu?"

"Tunakanyaga!"

Sauti zao ziligonga kilima zikarudi. Ng'ambo ya kilima mashine za machimbo ya kokoto zilikuwa zikiutafuna mwamba tangu mwezi uliopita, na kila wiki zilisogea juu zaidi. Mmoja wa wasichana aliweka kiganja chini.

"Kocha, ardhi inatetemeka."

"Ni moyo wako huo," alimjibu. "Ushukuru bado unadunda."

Hapo walicheka kwa nguvu, akawatangazia kwamba kesho yake ni mapumziko, wakampigia makofi wakiwa wamelala vile vile. Sindano peke yake hakupiga. Alikuwa amekaa pembeni, amejiinamia, akijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa wa mwisho tena, na tena alikuwa amekaa kwenye ile kona. Mjomba wake alichuchumaa mbele yake na kushusha sauti.

"Wewe kwako hakuna mapumziko. Kesho alasiri panda peke yako. Na usirudi mpaka umefika."

"Na kitambaa, kocha? Nani ataniwekea?"

"We panda tu. Utakiona."

Alisema hivyo jinsi watu wazima wanavyowaambia watoto mambo, ili mazungumzo yaishe. Alipofika nyumbani, goti limemvimba kwa ule mlima, alikuwa ameshasahau.

Kesho yake asubuhi alikuja kibandani mlinzi wa machimbo, kiatu mkononi, soli imefunguka mdomo. Alikuwa mgeni wa pale na alipenda kuzungumza. Kocha Gundi alikuwa amebana misumari midogo kwenye midomo, anaitoa mmoja mmoja na kuigonga, kwa hiyo mlinzi alizungumza peke yake.

"Fundi, leo alasiri tunalipua kule juu kabisa. Ukimwona mtu anapanda, mwambie arudi."

"Mmh."

"Kwanza king'ora, halafu mlipuko. Tukimaliza huo, king'ora tena na mlipuko wa pili. Barabara ya malori tumeweka watu. Kileleni tunasimika bendera nyekundu halafu tunajificha. Hata mtoto mdogo akiiona nyekundu anajua ageuke."

"Mmh," fundi aliitikia na kugonga msumari. Alipoimaliza ile misumari ya mdomoni alitabasamu. "Wangu leo wamelala. Lipueni mpaka mchoke."

Mlinzi alivaa kiatu chake, akakikanyaga mara mbili kukipima, akasifu kazi na kuondoka. Wala fundi hakukumbuka kumwambia kwamba ipo njia nyingine, ile ya kwenye mikaratusi, ambayo yeye mwenyewe aliifungua kwa panga ili wasichana wasigongwe na malori.

Mchana ulipita vizuri. Alibandika soli, akapiga soga na muuza mitumba wa jirani, akasinzia kidogo. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama alipopita dada yake na kapu kichwani, akasimama, akamshangaa.

"Kaka, mbona uko hapa?"

"Ulitaka niwe wapi?"

"Si uko juu na mwanangu? Kanywa maji kasimama, akatoka mbio. Kasema kocha kamwahidi kumwekea kitambaa."

Alitaka kucheka. Badala yake aligeuka kutazama juu. Kutoka kibandani kwake kilima kilionekana chote, na kule kileleni, pale pale kwenye mti wake mkavu, kitu chekundu kilikuwa kikipepea. Wazo lake la kwanza, na atalionea haya maisha yake yote, lilikuwa kwamba kuna mtu amemwibia kitambaa. Alifungua kisanduku cha vifaa. Kitambaa kilikuwamo, kimekunjwa, kimelala juu ya kopo la gundi.

Kisanduku kilimwanguka.

"Kaka? Kuna nini? Kaka!"

Aliruka viatu vya watu na kutoka mbio, yeye na goti lake bovu, mtaa mzima ukimtazama. Wengine walimshangilia. Watoto walikimbia naye kidogo wakiimba jina lake, halafu wakachoka wakamwacha. Alipita uwanjani na kuingia kwenye mikaratusi. Pale chini pa mlima, kwenye vumbi laini, aliziona nyayo za kiatu alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Zilikuwa zimekwenda. Hazikuwa zimerudi.

King'ora kililia.

Watu wote wa pale walishakizoea king'ora cha machimbo, kililia kila zamu ilipobadilika. Na mtoto naye alikuwa amekizoea. Kocha Gundi alikamata filimbi, akaitia mdomoni, akajaza kifua. Ndipo alipokumbuka. Kilimani filimbi yake ilikuwa na maana moja tu. Aliitema kama aliyetafuna nzi.

"Simama!" alipiga kelele. "Sindano! Simama! Rudi!"

Sauti ilimtoka nyembamba, ikaishia kwenye miti. Alikuwa hajawahi kumwambia mtoto yeyote neno hilo mahali pale. Alipiga hatua, akateleza, akasimama, mguu ukimwambia umekwisha, na safari hii haukuwa unadanganya. Alimwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpango. Aliomba mtoto awe mvivu. Aliomba awe mwoga, awe amedanganya, awe amejificha kwa rafiki yake anakula miwa. Kila aibu aliyowahi kumkemea kwayo, sasa aliiomba kwa machozi.

Ardhi ilimrusha. Sauti ilifika baadaye, nzito, ikamziba masikio. Kisha mawe yakaanza kudondoka kwenye majani ya mikaratusi, kwanza machache, halafu mengi, kama mtu anayemwaga mahindi juu ya bati. Alijikunyata chini ya shina mpaka yakaisha. Vumbi lilishuka jeupe, likafunika njia yote, nyayo na kila kitu. Alisimama akatembea ndani yake, mikono mbele, bila kuita tena, kwa sababu aliogopa kuita na kutojibiwa.

Alimkuta kwenye ile kona. Alikuwa amekaa kwenye mfereji, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa, mweupe kwa vumbi toka nywele hadi viatu. Hatua chache mbele yake, katikati ya njia, palikuwa na jiwe kubwa kama meza yake ya kazi. Halikuwapo jana. Mtoto aliinua uso.

"Nisamehe, kocha," alisema upesi, kabla hajaulizwa. "Nilikiona. Naapa nilikiona, nikataka kukanyaga, miguu ikakataa. Nikakaa. Najua umeniwekea mimi peke yangu, na bado nikakaa."

Kocha Gundi alimpapasa kichwa na mabega, kama anayetafuta palipovunjika. Ndani yake alijiogopa kuliko alivyoyaogopa yale mawe.

"Na ule mshindo umenitisha tu, sio kwamba nalia," Sindano aliendelea. Alijifuta pua kwa mkono. "Usimwambie mama kwamba nimekaa tena."

Upepo ulisogeza vumbi pembeni. Kule juu, kwenye mti mkavu, bendera ilikuwa bado imesimama, nyekundu, inapepea taratibu. Mtoto aliiona. Aliegemea ukingo wa mfereji akasimama, na kwa mara ya kwanza kwenye kona ile akaunyoosha mgongo.

"Kocha, bado kipo," alisema. "Ngoja nikamalizie."

Na ng'ambo ya kilima king'ora kikaanza kulia tena.

Alimkamata mkono kwa ule mkono wake wa gundi na kumvuta kuelekea chini. Sindano alidhani anaadhibiwa. Njia nzima, mbio mbio katikati ya mikaratusi, aligeuza shingo kutazama juu na kumbembeleza, "Niache, mjomba, safari hii nitafika."