Re ya Juu

Piano ya chuo cha ualimu Butimba ilikaa ukumbini karibu na dirisha, na Jumamosi mchana ilikuwa yetu wawili. Mimi nililelewa na kwaya ya kanisa. Nilijua Do, Mi, So, nikadhani hapo ndipo sauti zinapokamilika. Mwenzangu, kijana kutoka Sengerema, alikuwa amepiga gitaa kwenye bendi ya dansi kabla ya kuja kusomea ualimu. Miaka ile kaseti za kila nchi zilijaa mitaani Mwanza, naye alinunua moja ya mpiga piano wa jazi. Tuliisikiliza mpaka mkanda ukaanza kulegea.

Siku ya kwanza alipiga Do, Mi, So kwa pamoja.

"Imetulia, haitaki kitu," alisema. Akaongeza Ta, ile sauti iliyo chini kidogo ya Ti. "Sasa inataka kwenda." Kisha akaweka juu kabisa Re, ile inayoipita Do ya pili. "Na sasa?"

 Nilimwomba arudie.

Vidole vyangu ni vifupi, havikufika huko. Basi yeye alikaa kushoto akashika Do na Ta, mimi kulia nikashika Mi, So na ile Re. Mabega yaligusana, tukajifanya tunatazama vidole. Alinikataza kurukaruka kwa vidole tunapobadili sauti. "Tukienda Fa, mimi Ta yangu inashuka hatua ndogo tu kuwa La. Wewe Mi yako ipande kidogo. Taratibu." Nilifanya mazoezi hata darasani, juu ya dawati.

Hakunitamkia neno la moyoni, wala mimi sikumtamkia. Tulipomaliza chuo ajira za serikali zilikuwa zimebana, akarudi kwao kusubiri. "Njoo Sengerema," aliniambia. "Mama atafurahi."

Nilichelewa kwenda. Siku nilipovuka kwa kivuko hadi Busisi na kufika kwao, nilimkuta mama yake uani na binti yake, wakimenya mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu." Niliposema nimesoma Butimba, aliweka kisu chini. "Kumbe wewe ndiye wa piano. Mwenzio ameondoka juzi. Kuna hoteli mpya Dar, wanataka mtu wa kupiga kinanda."

Nilikaa kwenye kigoda. Nadhani alinihurumia, maana baadaye aliuliza, "Hebu, hiyo mliyokuwa mnapiga ikoje?"

Alikuwa mwanakwaya. Nikampa ashike Do, binti yake Mi, mimi nikaimba Ta iliyokuwa ya mwanawe; So inaweza kuachwa bila kuharibu. Tulisimama pale na sauti hiyo, maganda ya mihogo miguuni. Ilikuwa nzuri, lakini Re, ile yangu, haikuwa na mtu.

"Kuna kitu kimepungua," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

Sikumwona tena yule kijana. Nilisikia ameoa huko huko Dar. Mimi pia niliolewa, nikafundisha, na hadi leo nikipata piano vidole huanza kuitafuta Re ile kabla sijaviambia.

Jioni ile ya Sengerema mama yake alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akanisindikiza hadi stendi akiwa amenishika mkono. Njiani aliniuliza, kama anavyoulizwa mkwe, kwetu ni wapi, wazazi wangu kama wangali hai, na tumezaliwa wangapi. Nilimjibu yote.