Mama Mabawa na popo wa darasa la tano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kengele ya shule haijalia bado, mwanamke wa miaka hamsini na minane anashuka ngazi kinyumenyume kutoka kwenye dari la darasa la tano. Tochi ameing'ata mdomoni. Shingoni inaning'inia mifuko saba midogo ya kitambaa, na kila mmoja unatikisika kwa ndani.

Anatia mguu sakafuni, anaitoa tochi mdomoni. "Nimesema mshike ngazi, nyinyi mmeshika soga," anawaambia wanaume wawili waliokuwa wakimsubiri chini.

Mmoja ni mwalimu mkuu. Mwingine ni fundi wa paa, aliyekuja na mbao, misumari na wavu. Mpango wao ni mwepesi: jioni hii popo wakishatoka kwenda kuwinda wadudu, fundi apande azibe kila tundu, na kesho darasa lianze maisha mapya. Muhula mzima wanafunzi arobaini na mmoja wamesoma chini ya harufu ambayo haizoeleki.

Ripoti ya kuruhusu kazi hiyo imetoka ofisini kwa mama huyu mwenyewe, kituo cha utafiti wa wanyamapori ambako amekuwa msaidizi wa maabara kwa miaka ishirini na sita. Inasema darini mna aina mbili za popo, kubwa na ndogo, wote watu wazima, wote watatoka wenyewe.

Ni hilo neno "wote" lililomtoa kitandani.

Majirani humwita Mama Mabawa, na yeye huitika bila kinyongo. Kazi yake ni kumtazama popo na kusema ni popo gani. Mshahara wake, anasema akicheka, haujawahi kumtia mtu wivu. Lakini mpe popo yeyote, atamsoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

Anatandika taulo juu ya meza ya mwalimu, anavaa glavu, anafungua mfuko wa kwanza. "Samahani, mzee wangu," anamwambia aliyemo. "Hatukuweki sana."

Mifuko hiyo anashonewa na mumewe, fundi cherehani. Mishono yote iko nje, ili kucha za popo zisinase kwenye nyuzi. "Nimewashonea mabwana harusi, nimewashonea mawakili," mumewe huyo anasema, "lakini wateja wa mke wangu ndio wenye maringo. Uzi mmoja ukichomoza ndani, mfuko unarudishwa na mimi nanuniwa."

Mama Mabawa anaanza na uso. Kuna popo wenye kijinyama cha umbo la jani juu ya pua, huyu hana. Masikio ni mapana na yanakaribia kukutana juu ya paji la uso. Mdomo wa juu una mikunjo. Kisha mkia: umechomoza nje ya ngozi inayounganisha miguu, nusu nzima iko huru kama wa panya.

"Ukoo tumeshaujua. Sasa tumtafute mwenyewe," anasema.

Anachukua kipimo cha chuma chenye taya mbili na kupima kigasha, mfupa wa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Milimita arobaini na saba. Hiyo ni aina kubwa. Wa pili ni hivyohivyo. Wa tatu, thelathini na nane.

"Aina ndogo," anasema mwalimu mkuu, ambaye ripoti ameikariri. "Kama walivyoandika."

"Kipimo kinasema hivyo," anajibu. "Hebu nizimie taa, mwalimu."

Anaukunjua ubawa taratibu, kwa ncha za vidole, kama mtu anayefungua barua iliyolowa, na kuiweka tochi chini yake. Ngozi inang'aa hudhurungi. Vidole virefu vya popo vinaonekana vyote, na kwenye kila kiungo kuna ufa mwembamba unaopitisha mwanga.

"Fundi, njoo uone. Mtu mzima, hapo pana kifundo kimefunga, ni giza tupu. Huyu mfupa haujaungana, ni gegedu bado. Na manyoya yake ya kijivu, mwenzake yule ni kahawia." Anauzima mwanga haraka. "Huyu si aina ndogo. Ni mtoto wa yule mkubwa."

Kati ya saba, watano ni watoto. Wiki tatu hivi. Hawajui kuruka.

Mwalimu mkuu anashusha pumzi. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka. "Mama, wazazi wamechanga mpaka wamechoka kuniona. Mvua ziko njiani. Hawa wangu nao ni watoto."

Hapo Mama Mabawa anakaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigusa mbao yake, na kueleza jambo ambalo mumewe anasema hakuwahi kumsikia akilieleza mbele ya mgeni.

Miaka kumi na tisa iliyopita alitumwa kwenye ghala moja. Alipima popo kumi na mmoja, vigasha vikasema aina ndogo, naye akaandika: watu wazima, ruhusa kuziba. Alikuwa na haraka; mwanawe wa mwisho alikuwa na homa nyumbani. Paa likazibwa jioni ileile.

"Asubuhi mlinzi akapiga simu. Akaniambia, dada, popo wako wamejibandika ukutani nje, jua linawaka, hawaondoki. Nikajua ni mama, na watoto wamebaki ndani. Sikuhitaji kwenda kuangalia." Anakunja glavu, anaikunjua. "Kupata wa kubandua lile bati ilichukua siku tatu. Ndani nilihesabu sitini na wanne. Nikawapima upya wote, mmoja mmoja, kwa tochi. Sekunde tano kila mmoja. Sekunde tano ndizo nilizowanyima."

Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga. Wa kwake ana miaka kumi na tisa na bado anamlilia. Mama mwenyewe analia sasa hivi, bila sauti, na hajifichi.

Wa kwanza kujibu ni fundi. Anasema bwalo la chakula linakaa tupu asubuhi yote, darasa la tano lisomee huko. Yeye atatandaza turubai juu ya dari, atengeneze upande unaovuja, na tundu la popo aliache wazi.

Mwalimu mkuu anakuna kichwa, anatazama mifuko, anamtazama mama. "Wiki nne," anasema. "Ya tano sikujui."

"Wiki nne zinatosha, baba. Mungu akubariki."

Kabla ya kuwarudisha popo darini anampigia simu msichana aliyeandika ripoti, mfanyakazi mpya ofisini kwake. Wengi wangekaripia. "Mwanangu, umepima vizuri sana, namba zako zote ni sahihi," anamwambia. "Hukuwauliza umri tu. Njoo nikuonyeshe wanavyojibu."

Wiki nne zilipotimia walikwenda wote wawili, mama na msichana. Jioni hiyo popo wote walitoka, wakubwa kwa wadogo. Msichana akapanda na tochi, akakagua kila pembe, akashuka na kusema hamna kitu. Fundi akaziba. Asubuhi yake ukuta wa nje ulikuwa mtupu.

Mama Mabawa anastaafu mwakani. Mumewe anamtaka apumzike. Yeye ana mpango mwingine. Anataka kuwafundisha mafundi wa paa, wote atakaowapata. Si kushika popo. Hilo anawakataza kabisa, maana popo akishtuka huuma, na kuumwa na popo kunampeleka mtu hospitali. Anataka wajue kutazama tu: wakubwa wakishatoka jioni, chungulia. Ukikuta wadogo wa kijivu wamebaki wamekumbatiana, weka nyundo chini.

"Mimi nafika baada ya kupigiwa simu," anasema. "Fundi anafika kabla. Ningekuwa nimemfundisha fundi mmoja tu wa ghala lile, leo ningelala."

Anayasema haya jioni moja sebuleni kwake, mumewe akikanyaga cherehani pembeni, ndipo simu yake inapoita. Ni yule fundi wa paa, yuko kazini kwenye nyumba nyingine. Anaongea kwa sauti ya juu kiasi cha kusikika chumba kizima.

"Mama, popo wametoka, nimechungulia. Wapo wadogo wa kijivu, hawapungui ishirini. Mwenye nyumba amekasirika kweli. Nimemwambia mimi nimeshashuka, na sipandi tena mpaka wewe useme."

Mama Mabawa anajifunika uso kwa kiganja, analia. Mumewe anaondoa mguu kwenye cherehani, anaichukua simu taratibu mkononi mwake.

"Amekusikia, mwanangu," anamwambia fundi. "Subiri kidogo tu. Amekusikia."