Mikono ya Kuazima

Miaka ishirini Verna alimvisha mwigizaji yule mzee, nyuma ya jukwaa huko New York, na hakuwahi kumwona akiwa yeye mwenyewe. Hakuwa nyota. Alikuwa wa kuigiza majaji, makasisi na wachimba kaburi, watu wa dakika tano ambao watazamaji huondoka nao vichwani. Kila mmoja alimwokota kwa mtu aliye hai. Kikohozi cha bawabu alikichukua kiangazi. Majani yalipopukutika, bawabu akazikwa. Akachukua kuchechemea kwa mpiga piano, na mpiga piano hakuuona mwaka mpya. "Ajali tu," mafundi wa taa walicheka, lakini mzee akipita walitia mikono mifukoni.

Jumatano moja, kabla ya onyesho la mchana, Verna alimkuta mbele ya kioo akijifunga vifungo. Kabla ya kila kifungo alilamba kidole gumba, kisha akakigonga kifungo mara mbili, kama abishaye hodi. Verna alitazama kidole gumba chake mwenyewe. Kilikuwa bado kimelowa kwa vifungo alivyotoka kufunga chumba cha pili.

"Mzee, huyo nani tena?"

"Wa mchezo mpya, dada. Mtumishi fulani. Bado sijamjua vizuri," alijibu kwa upole, akigonga kifungo cha mwisho. "Ila anakufa kabla ya mapumziko."