Kitu Kilichokula Mabibo Shambani kwa Mama

Harufu ya mabibo yaliyooza huanza tamu, kisha hukaa kooni kama siki. Mwaka jana niliteremka kwenye basi Masasi, upepo ukaileta kutoka mashamba ya kando ya barabara. Nilisimama na begi mkononi mpaka kondakta akaniuliza kama nimesahau kitu ndani ya gari. Sikuwa nimesahau kitu.

Utotoni tulikaa upande wa Newala, kijiji cha ukingoni, pale uwanda unapokatika na kuteremka bondeni. Nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa kibaruani Mtwara, kwa hiyo mambo yetu yalisimamiwa na Mjomba, kaka yake Mama, kama ilivyo kwetu. Msimu wa korosho tulikwenda shambani kila asubuhi, mimi mbele, Mama nyuma na mdogo wangu Rashidi mgongoni.

Asubuhi moja nikakiona kitu. Kilisimama kwa miguu miwili chini ya mkorosho, mkono mmoja umeshika tawi, wa pili unapeleka bibo mdomoni. Kilikuwa na manyoya meusi, yenye mvi kifuani, na uso mtupu kama wa mtu aliyechoka. Kilinitazama, kikatema makapi, kikaingia kichakani bila haraka. Mama alikiona pia. Nilijua kwa jinsi alivyokaza kanga ya mtoto. Kisha akainama kuokota korosho.

Hapa msomaji wa mbali anahitaji maelezo. Kwetu, wavulana wakitoka jandoni hucheza lipiko: mtu aliyefunikwa mwili wote, kichwani amevaa sura ya mti iliyochongwa. Wanawake na watoto wanatakiwa kuamini kwamba huyo si mtu, ametoka kwa wafu. Akiwajia, wanapiga kelele na kukimbia. Siri ni ya wanaume, na mwanamke kuitamka ni kosa kubwa. Mwezi ule wavulana walikuwa wanakaribia kutoka.

Jioni nilimkuta Mjomba akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo Mjomba. Shambani kuna kitu cha manyoya, kinasimama kama mtu."

"Marahaba." Kisu kilisimama. Alimtazama Mama, si mimi. "Mama Zuhura, mtoto huyu ameona nini?"

"Sijui, kaka. Mimi nilikuwa nimeinama, naokota korosho."

"Basi hakuona kitu. Umesikia, Zuhura? Hukuona kitu."

Baadaye nilimsikia nyuma ya nyumba akiapa kumkamata kijana anayevaa sura ya mti kabla ya wakati, anayetisha wanawake na kula mabibo ya dada yake. Sikumwelewa. Bombani nako wanawake waliulizana kwa sauti ya chini. "Kule kwako kumetulia?" "Kumetulia kwa aliyetulia." Walicheka kidogo, kisha kila mmoja akageukia ndoo yake.

Korosho haziwezi kuachwa chini zikaoza, kwa hiyo tuliendelea kwenda. Mama alianza kubeba panga.

Siku kilipomjia Mama, mimi na Rashidi tulikuwa kwenye kibanda cha shambani. Nilisikia Mama akipiga kelele, mara moja, kisha mfululizo. Nilimbeba mtoto nikakimbilia shamba la jirani, ambako wanaume walikuwa wakinywa uraka, pombe ya mabibo, na Mjomba kati yao. Walikuwa wamesikia. Walikuwa wakicheka, wakidhani ni lipiko.

"Leo Mama Zuhura kakutana na mkwe wake!"

"Mwache akimbie, apungue mwili."

Nililia kwamba ni kile kitu. Mjomba aliinuka kwa hasira, akachukua fimbo. Panga lake lilikuwa pale pale, hakulichukua. Akaniambia haya si mambo ya watoto, akaondoka akitembea. Nilimfuata. Kelele zilikuwa zimekwisha.

Mama alikuwa amekaa chini, korosho zimemwagika, mkono wake wa kushoto umechanika kutoka kiwiko mpaka kiganja. Juu ya mchanga kulikuwa na nyayo pana, kidole kikubwa kimejitenga pembeni kama gumba la mkono. Mjomba aliinama akazitazama. Kisha alivua shati akamfunga mkono.

"Dada, kwa nini hukusema?"

Mama alianza kuziokota korosho kwa mkono wa kulia.

Wanaume waliteremka bondeni na mbwa, hawakupata kitu. Mkono ule wa Mama haukukunjika tena. Nimesoma vitabu vya wanyama nilivyoweza kupata. Nyani mzee ana kidole cha namna ile, lakini hasimami vile. Sokwe husimama, lakini makazi yao yako magharibi kabisa ya nchi. Sijui kilikuwa nini, na sasa si hilo linaloninyima raha.

Nilipochezwa unyago, wanawake wazima waliniambia wanachoambiana. Lipiko ni mtu. Wanawake wanajua, wamejua siku zote, wanamtambua hata ni mtoto wa nani kwa mwendo wake, na heshima yao ni kukimbia. Nawaambia ninyi kwa sababu wahusika wamekwishazikwa.

Mama alijua tangu asubuhi ile kwamba kile hakikuwa lipiko. Ili aseme hivyo, ilibidi kwanza akiri mbele ya kaka yake kwamba anajua lipiko ni nini. Hakuwa na namna ya kumwonya Mjomba bila kumvunjia siri yake. Akachukua panga, akamfunga Rashidi mgongoni, akaenda.

Mjomba alipomuuliza kwa nini hakusema, aliuliza kwa dhati. Aliuliza tena uzeeni, alipokuwa hatoki kitandani, na Mama, aliyekuwa akimnywesha uji kwa mkono wake mzima, alimfuta kidevu akamwambia anywe kabla haujapoa.