Uvimbe wa Upande wa Ndani

Fundi wetu wa matairi tunamwita Mama Kiganja, kwa sababu haamini macho. Gari likija, hulala chali vumbini akapapasa tairi kwa mkono mtupu, nje na ndani. Wenye haraka zao humnunia. Hata mimi nimemnunia sana. Duka langu linatazamana na karakana yake, na mdomo wangu haujui likizo.

Asubuhi ile binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa uzazi, kajikunja kiti cha nyuma. Mumewe kaketi kwenye usukani, gari linanguruma. Hospitali ni mbali, na barabara kuu watu hukimbizana kama wamechoka kuishi. Mama akaingiza mkono chini kama kawaida yake.

"Mama, tumechelewa," mkwe akasema kwa adabu.

"Tairi hili nani kaligeuza?"

"Ni baba, jana. Niligonga ukingo wa barabara, likachubuka. Nikamwomba mchubuko ukae ndani, usitie aibu."

Penye mchubuko huo pametokea uvimbe wa kujaa kiganjani kama yai. Maana yake nyuzi za tairi zimekatika. Hapo hakuna kiraka. Ni kupasuka tu, tena kwenye mwendo kasi. Nilikuwa nimeshavuka kuja kuchungulia, nikaogopa kana kwamba binti yule nimemzaa mimi.

"Zima gari."

Mkwe akamtazama baba mkwe wake, ambaye ni fundi pale pale na mkewe.

"Mama watoto, waache wafike kwanza," mzee akasema. "Watabadilisha wakirudi."

Binti akapiga yowe. Mkwe akashika gia. Mama hakubishana na mtu: alichomoa pini ya valvu, upepo ukatoka kwa fujo, gari likainama upande mmoja.

"Una wazimu?" mzee akafoka.

"Lete jeki. Na lile gurudumu lililo tayari."

Mzee akavileta mbio. Jeki ikamteleza mara mbili.

"Ulipoligeuza," mama akauliza, akilegeza nati, "hukulipapasa?"

Mzee akainamia jeki.

"Uvimbe niliuona," akasema. "Ulikuwa mdogo. Sikutaka kumwaibisha mkwe."

Mama akaendelea kufungua nati. Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimeshushwa, na binti alikuwa ameacha kulia, anamtazama baba yake.